Sembe, dona, wali, ndizi au makande: sahani ipi kwa anayechunga sukari?

Mama yangu alipopimwa na kuambiwa sukari yake iko juu, alirudi nyumbani Tabata, Dar es Salaam, na maneno manne kichwani: acha wali, kula dona. Hakuna aliyemwambia dona kiasi gani, wala iliwe na nini. Basi tukala dona. Mchana dona, usiku dona, mlima wa ugali katikati ya sinia na matembele pembeni kidogo kama mapambo. Wiki tatu baadaye tukapima saa mbili baada ya chakula cha mchana, sukari ilikuwa bado juu vilevile. Mama alinyamaza kimya. Alidhani amevunja masharti, na ukweli ni kwamba aliyashika kuliko alivyoagizwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza wataalamu wa lishe, na kupima pamoja naye. Najua wako wengi katika jiji hili waliokwama pale alipokwama yeye: ana kisukari, au ameambiwa anakikaribia, au hana tatizo lolote ila anasinzia ofisini kila akila sahani ya wali saa saba mchana, na hajui achague nini. Naweka hapa vyakula tunavyokula kweli, nivilinganishe kwa vigezo vilevile. Shayiri za dukani na mikate ya mbegu tunaziacha kando, kwa sababu si huko chakula chetu kilipo.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni kasi ya sukari. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, ile sukari inayoingia kwenye damu. Mate huanza kuukata mdomoni, kisha kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayokata chakula, kutoka kwenye kongosho humalizia kazi katika utumbo mdogo. Wanga mwingine hukatika upesi, mwingine hugoma. Mwaka 1992 Hans Englyst na wenzake waliugawa kwa saa, kwa kuupima maabara: unaokatika ndani ya dakika 20 za mwanzo waliuita wa haraka, unaokatika kati ya dakika 20 na 120 wakauita wa taratibu, na unaobaki baada ya hapo ni wanga sugu, ambao hupita hadi utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wa huko. Wa taratibu ndio tunaoutafuta. Nguvu unayopata ni ileile, ila glukosi inaingia kwenye damu kama maji ya bomba lililofunguliwa kidogo, na insulini, homoni inayoitoa glukosi kwenye damu na kuiingiza mwilini, inapata muda wa kuikimbiza.

Kabla ya hapo, mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Toronto walikuwa wametoa njia ya kuvipa vyakula namba. Mtu anakula chakula chenye gramu 50 za wanga, damu yake inapimwa kwa saa mbili, na mwinuko wa sukari unalinganishwa na ule wa glukosi yenyewe, ambayo ni 100. Namba ya 55 kushuka chini ni ya polepole, 56 hadi 69 ni ya kati, 70 kwenda juu ni ya haraka. Nitaiita namba ya mwinuko. Namba ninazotaja zinatoka katika jedwali la kimataifa la mwaka 2008, ambalo ni wastani wa vipimo vingi.

Cha pili ni ujazo wa sahani, maana ile namba inapimwa kwa gramu 50 za wanga na sisi hatuli gramu 50. Hapa ndipo mama alipoangukia. Cha tatu ni jiko na mfuko: muda, mkaa au gesi, na kama chakula chenyewe kinapatikana bila kuhangaika. Mwisho, kinamfaa nani.

Kitoweo nimekitenga, kwa sababu kinabadilisha kila sahani. Tutakifikia.

Ugali: sembe na dona

*Kasi ya sukari.* Niseme wazi jambo ambalo lingetuokoa wiki tatu: kwa upande wa sukari peke yake, tofauti ya dona na sembe ni ndogo kuliko inavyosemwa mtaani. Dona ni punje nzima iliyosagwa, pamoja na pumba na kiini chake. Sembe imekobolewa kwanza. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, vitamini za kundi B zaidi, madini zaidi na mafuta kidogo ya kile kiini, na inashibisha zaidi. Lakini zote mbili zimesagwa hadi zikawa vumbi. Ukuta wa punje, ule ambao ungemchelewesha mkataji wa mnyororo, umeshavunjwa na mashine kabla chakula hakijafika mdomoni. Kisha unga unapikwa na maji moto, wanga unavimba na kulainika, na kimeng'enya kinapita kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Angalia mkate: mweupe una namba 75, wa ngano nzima iliyosagwa laini una 74. Pumba zimo ndani, ila punje haipo tena.

Kinachosaidia zaidi ni unga uliosagwa kwa chekeche kubwa, wenye chenga chenga. Ukipeleka mahindi yako mashineni unaweza kuomba hivyo. Ugali wake haunyooki kama wa sembe, na watoto watalalamika siku mbili za kwanza.

Uji ndio wa kuangalia zaidi kuliko ugali. Unga laini, maji mengi, umeiva sana, tena unanyweka bila kutafunwa. Hata uji wa ulezi, ambao tunaupa sifa nyingi na unastahili sifa kwa madini yake, uko kwenye kundi la kati: uji wa nafaka za jamii ya ulezi na uwele una 67. Ukiongeza vijiko vitatu vya sukari, wewe mwenyewe umeupandisha.

*Ujazo wa sahani.* Kilo moja ya unga ikipikwa kwa watu watano, kila mmoja amekula gramu 200 za unga. Unga wa mahindi ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo ni kama gramu 150 za wanga kwa mlo mmoja, mara tatu ya kile kiasi cha kupimia. Hakuna dona itakayoushinda mlima wa namna hiyo. Kipande cha ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mzima mwenye kisukari asiyefanya kazi za sulubu.

*Jiko na mfuko.* Rahisi, unaiva haraka, unapatikana kila kona. Dona haikai muda mrefu kwa sababu ya mafuta ya kiini. Baada ya wiki chache za joto letu huanza kutoa harufu, hivyo nunua kidogo kidogo. Lipo na jambo la sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu: mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na sehemu kubwa yake hukaa kwenye pumba na kiini, ambavyo kukoboa huviondoa. Anayekula dona achague mahindi makavu, atupe yaliyovunjika na yaliyoota ukungu, kisha ndipo asage.

*Kinamfaa nani.* Dona inamfaa anayetaka kushiba kwa kipande kidogo, mwenye shida ya choo kigumu, na yeyote anayeweza kuamini mahindi yake. Sembe haina dhambi kwa mtu aliyeshika kipimo na ana mboga ya kutosha. Kwa mbeba mizigo wa Kariakoo anayetoka jasho kutwa nzima, mwili unaichoma glukosi hiyo njiani.

Wali

*Kasi ya sukari.* Wali mweupe una namba 73 kwa wastani, na wa mchele usiokobolewa una 68. Ila wali una watoto wengi, na hawafanani. Wanga una sura mbili: amilosi, ambayo ni uzi ulionyooka na hujifunga pamoja, na amilopektini, yenye matawi mengi ambayo kimeng'enya huyashika kote kote. Mchele wenye amilosi nyingi huiva ukachambuka, kila punje peke yake, na kwa kawaida hupandisha sukari taratibu zaidi. Mchele wenye amilopektini nyingi hugandana. Huhitaji maabara: angalia sufuria. Iwe wa Kyela, wa Kahama au wa Ifakara, chagua unaochambuka, na usiupikie maji mengi ukawa bokoboko. Bokoboko ni chakula kizuri cha mgonjwa asiye na meno, lakini ndiyo sura ya wali inayokimbiza sukari zaidi.

Kisha kuna kiporo, na hapa nafurahi kwa sababu bibi zetu walikuwa na jambo bila kulijua jina lake. Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujifunga upya na kuwa wanga sugu. Wali uliolala kwenye friji na kupashwa asubuhi hupandisha sukari kidogo kuliko wali uliotoka jikoni sasa hivi, na kupasha hakuondoi faida hiyo yote. Ugali kiporo na viazi vilivyopoa ni hivyo hivyo. Punguzo lenyewe ni la wastani, halikupi ruhusa ya kuongeza sahani. Na kwa joto la Dar es Salaam, wali usilale mezani: kuna bakteria ambaye huzaa sumu kwenye wali uliokaa nje, na sumu hiyo haifi kwa kupashwa. Uingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kuiva. Usiye na friji, achana na kiporo cha wali.

Wali wa nazi? Mafuta ya tui huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo sukari hupanda kwa upole zaidi saa ya kwanza. Hata hivyo nguvu ya chakula imeongezeka, na ukila mwingi sukari hukaa juu kwa muda mrefu. Pilau iko karibu na hapo.

*Ujazo wa sahani.* Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina wanga wa karibu gramu 45 hadi 50. Sahani ya kawaida ya mama lishe ina viwili na zaidi. Wali ni mtelezo: hautafunwi sana, mchuzi unausukuma, na mtu anamaliza kabla tumbo halijapeleka habari kichwani.

*Jiko na mfuko.* Haraka, na upo kila kibanda kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Kwa anayekula nje kila siku, mara nyingi wali ndio unaokutana nao kwanza.

*Kinamfaa nani.* Anayeweza kukaa na kikombe kimoja na kujaza sahani kwa maharage na mboga. Asiyeweza kusimama akishaanza, na mama yangu ni mmoja wao, afadhali aule mara moja kwa wiki kwa furaha kuliko kila siku kwa vita.

Ndizi za kupika

*Kasi ya sukari.* Ndizi mbichi zilizochemshwa zina namba karibu 55, mpaka wa kundi la polepole. Ndizi ikiwa kijani, wanga wake mwingi ni mgumu. Inavyoiva, wanga unageuka sukari, na utamu unaouonja ni ushahidi. Kwa hiyo mzuzu ulioiva ukakaangwa ni chakula kingine kabisa, hata kama jina ni ndizi. Chagua za kijani, zipike zikiwa vipande, usiziponde hadi ziwe uji.

*Ujazo wa sahani.* Ndizi zina maji, hivyo sahani inaonekana kubwa na wanga wake si mwingi kama ugali wa ukubwa huohuo. Ukiweka utumbo au nyama, nyanya, karoti na bilinganya ndani ya sufuria hiyohiyo, mboga zinaingia tumboni bila kubembelezwa. Hii ndiyo nguvu ya ndizi ambayo namba haiisemi.

*Jiko na mfuko.* Kumenya kunachosha na utomvu unang'ang'ania vidole. Bei hupanda na kushuka. Wanaonunua mkungu mzima Mabibo na kugawana majirani wanapata nafuu kuliko anayenunua kichana gengeni.

*Kinamfaa nani.* Mwenye familia inayokula pamoja na asiyetaka kupika vyakula viwili, kimoja cha mgonjwa na kingine cha wazima. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza, kwa sababu ndizi zina potasiamu nyingi.

Viazi vitamu na mihogo

*Kasi ya sukari.* Watu huviogopa viazi vitamu kwa ajili ya jina. Vya kuchemsha vina 63, chini ya wali na chini ya viazi mviringo vya kuchemsha, ambavyo vina 78. Lakini choma kiazi kitamu kwenye mkaa au oveni na namba inaruka juu sana, maana moto mkavu wa muda mrefu hugeuza wanga wake kuwa sukari na kuulainisha. Chemsha na maganda, visiive kupita kiasi.

Mihogo ni wanga mtupu karibu wote. Protini yake ni kama asilimia 1 tu, nyuzinyuzi si nyingi, na kwa uzito uleule ina wanga karibu mara mbili ya kiazi kitamu. Mihogo ya kukaanga ya Coco Beach, na pilipili na kachumbari yake, ni raha ya jioni ya Jumapili. Usiifanye kuwa chakula cha kila asubuhi ukiwa na sukari. Ugali wa muhogo unasagwa laini kama wa sembe, na hukumu yake ni ileile.

*Ujazo wa sahani.* Kiazi kitamu cha wastani kinakutosha na kinakushibisha. Vipande viwili vya muhogo vinaonekana kidogo na si kidogo.

*Jiko na mfuko.* Nafuu kwa vyote viwili, na havihitaji ustadi.

*Kinamfaa nani.* Viazi vya kuchemsha vinamfaa anayetafuta kifungua kinywa badala ya maandazi na mkate mweupe. Kiazi kimoja, yai, na chai isiyo na sukari ni asubuhi njema. Mihogo inamfaa anayefanya kazi nzito, ikiwa na samaki au maharage pembeni.

Chapati

*Kasi ya sukari.* Jedwali linaipa 52, na wengi wakiisoma wanashangilia. Tulia kidogo: vipimo hivyo vimetokana zaidi na chapati za India za unga wa ngano nzima. Yetu ni ya unga mweupe na mafuta mengi. Mafuta yanapunguza kasi, ni kweli, na yanaleta uzito wa mwili, ambao ni adui wa insulini kwa njia ya polepole.

*Ujazo, jiko na mfuko.* Ni wachache wanaoishia moja. Kuisukuma ni kazi, hivyo wengi wanainunua.

*Kinamfaa nani.* Anayeweza kula moja, ya unga wa atta (ngano nzima), na maharage au dengu. Si chakula cha kukimbilia kwa sababu ya namba yake.

Makande na maharage

*Kasi ya sukari.* Hapa punje iko nzima. Mahindi yamekobolewa ganda la nje, lakini hayajasagwa, na meno yako ndiyo yanayoyavunja, vipande vipande. Wanga umefungiwa ndani ya kuta zake na kimeng'enya kinalazimika kubisha hodi kila chumba. Maharage nayo ni hodari zaidi: maharage mekundu yana namba 24, dengu na choroko ziko karibu na hapo. Nyuzinyuzi, protini na ukuta mgumu wa seli vyote vinavuta upande mmoja. Kuna zawadi nyingine: ukila jamii ya maharage mlo mmoja, sukari yako hupanda kwa upole hata katika mlo unaofuata.

Mahindi yale tunayoyachukulia kuwa chakula kimoja, kumbe yakipita mashineni ni jambo moja na yakiachwa punje ni jambo lingine. Ningetamani kila kliniki ianze somo lake hapo, kabla ya kumkataza mtu chakula chochote.

*Ujazo wa sahani.* Makande yanashibisha upesi kwa sababu yanatafunwa. Watu wachache wanamaliza bakuli la pili. Weka maharage mengi kuliko mahindi, au angalau nusu kwa nusu, na usizamishe sufuria kwenye tui.

*Jiko na mfuko.* Huu ndio udhaifu wake na si mdogo. Yanachukua saa nyingi, na mkaa ni pesa. Kuloweka usiku kucha kunapunguza muda sana, tena maji ya kulowekea yakimwagwa gesi tumboni inapungua. Sufuria ya presha hulipa gharama yake. Sisi tunapika mara moja Jumamosi, tunagawa kwenye mikebe, tunaweka friza, na katikati ya wiki ni kupasha tu. Baada ya kugandishwa na kupashwa yana ile faida ya kiporo pia.

*Kinamfaa nani.* Mwenye sukari inayoruka baada ya kula, mwenye njaa ya kila saa, mwenye kutaka chakula kimoja cha bei ya chini kinachobeba wanga na protini. Hayamfai mwenye vidonda vya tumbo vinavyochokozwa na maharage, wala mzee asiye na meno, isipokuwa yaive sana na yapondwe kidogo, na hapo faida inapungua.

Kitoweo na mpangilio wa kula

Mboga ya majani, samaki, mayai, maziwa mgando: vyote vinapunguza mwinuko wa sukari vikiliwa pamoja na wanga, na vinapunguza zaidi vikitangulia. Anza na mchicha na samaki, ugali ufuate. Ni kubadilisha mpangilio tu, hakuna gharama. Mlenda na bamia zina utelezi unaokawiza chakula tumboni. Limau kwenye kachumbari linasaidia kidogo. Nusu ya sahani iwe mboga, robo protini, robo wanga. Sinia la pamoja linaficha kipimo, hivyo mpe mwenye kisukari sahani yake, kwa heshima, asijione ametengwa. Kwetu tuliamua wote tupakue kwenye sahani.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya zaidi ya gramu 35, ya maji, inayofika kabla ya yote. Kula makande na kushushia soda ni kujenga na kubomoa. Na ukimaliza kula, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayotembea inavuta glukosi kutoka kwenye damu bila kusubiri insulini nyingi.

Sasa, wewe uko wapi?

*Una kipimo cha sukari nyumbani.* Una bahati, usikae kukisia. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Jaribu chakula kimoja kwa kiasi kilekile siku mbili tofauti, halafu kingine. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni kuwa chini ya 10 kwa kipimo chetu cha milimoli kwa lita. Daktari wako anaweza kukupa lengo lako. Miili haifanani. Mama anavumilia ndizi vizuri kuliko viazi, jirani yetu ni kinyume.

*Unakula kwa mama lishe kila siku.* Usitafute chakula kingine, badilisha uwiano. "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mchicha." Utaongeza pesa kidogo au hutaongeza kabisa. Wengi hukubali, na baada ya wiki anakupakulia bila kuulizwa.

*Mfuko ni mdogo na jiko ni la mkaa.* Ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi, dagaa, na mboga ya majani nusu sahani. Makande mara moja kwa wiki, mkigawana mkaa na jirani.

*Una watoto na mgonjwa katika nyumba moja.* Ndizi za kijani zenye mboga ndani, au makande. Watoto wanaokua na wanaocheza wapewe zaidi. Wao hawahitaji kubanwa wanga kama bibi yao.

*Unafunga Ramadhani.* Mwenye kisukari aonane na daktari kabla ya mwezi, maana dawa huenda zikabadilishwa. Kwa aliyeruhusiwa, daku ndipo mahali pa chakula cha taratibu: makande, maharage, wali kidogo wenye kunde. Futari yetu ina tabia ya kukusanya wanga mezani, tambi za sukari, mihogo, magimbi, viazi na uji kwa pamoja. Chagua kimoja kati ya hivyo, tende chache, na mchuzi wa samaki.

*Una mimba na umeambiwa sukari iko juu.* Usijipangie mwenyewe kwa kusoma ulinganisho huu. Mtoto anahitaji wanga, na malengo ya sukari ni ya chini kuliko ya wengine. Nenda nao kliniki, muulize mtaalamu wa lishe kiasi chako.

*Unatumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi, vinavyosukuma kongosho kutoa insulini.* Ukihamia ghafla kwenye makande na kupunguza ugali kwa nusu huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka hadi hatari. Mwambie daktari kabla hujabadilisha. Na siku ikishuka, ukatetemeka, jasho likakutoka, kichwa kikazunguka, chakula cha taratibu hakikusaidii kwa sababu kitachelewa. Hapo unataka cha haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15. Mama sasa anatembea na pakiti ndogo ya glukosi kwenye mkoba wake, hata akienda sokoni Buguruni tu.